Chupa Iliyodaiwa Kufunga Mvua

Harufu ya mafuta ya taa imekuwa adimu mjini. Watu wana umeme, wana taa za sola, na hata jiko la mchina limebaki kwa wachache. Ndiyo maana mwezi uliopita, nilipochovya tambara kwenye kopo la mafuta ya taa ili nisugue kutu kwenye skrubu, nikiwa nimechuchumaa uani kwangu Chuno, mkono ulisimama wenyewe. Mbele yangu kulikuwa na bomba la chuma nililolipata kwa wauza vyuma chakavu. Juu ya bomba hilo nilitaka kufunga kituo changu cha hali ya hewa: kifaa cheupe cha plastiki chenye vikombe vitatu vya kupima kasi ya upepo, mkia wa kuonyesha unatoka wapi, na faneli ya kupokea mvua. Nilikuwa nimekisubiri kwa muda mrefu. Lakini harufu ile iliponipanda puani sikukiona tena. Niliona ua mwingine, wa fito, na faneli nyingine, ya bati, iliyonuka hivyohivyo hata baada ya kuoshwa kwa majivu.

Jirani yangu, Mama Rehema, alichungulia juu ya ukuta akiwa na beseni la nguo.

"Mama Salumu, umeweka antena?"

"Kituo cha hali ya hewa."

"Cha kwako mwenyewe?"

"Cha kwangu mwenyewe."

"Basi utatuambia lini tuanike," akasema, akaenda zake kuanika.

Ikaishia hapo. Hakuna aliyeitisha mkutano. Hakuna aliyeniuliza nimefukia nini chini ya lile bomba. Ningetakiwa nifurahi, na kwa dakika chache nilifurahi. Halafu hasira ikanipanda, hasira ya zamani sana, niliyodhani nimeshamalizana nayo. Nimeamua kuwaeleza ninyi mnaosoma ilikotoka, na nitaeleza kwa mpangilio, kwa sababu siku ile ilipotakiwa kuelezwa kwa mpangilio hakuna aliyenisikiliza.

Kijiji chetu kiko mbele ya Madimba, upande wa kuelekea Ruvuma inapoingia baharini. Siku hizo hapakuwa na mitambo ya gesi. Kulikuwa na mchanga, mikorosho, mashamba ya muhogo, na kwa wenye bahati, majaruba ya mpunga bondeni. Baba alifariki kabla sijaanza shule. Alimwachia mama mikorosho, nyumba ya udongo na mabinti wawili: dada yangu Somoe, na mimi, Zainabu, ambaye kila mtu aliniita Zena.

Nilikuwa darasa la tano. Mwalimu wetu wa jiografia aliitwa Mwalimu Mbwana, kijana mrefu, mwenye mwandiko mzuri ubaoni kuliko mtu yeyote niliyewahi kumwona tangu hapo. Siku moja alituchorea kipimamvua. Alichora faneli, chini yake chupa, na pembeni akachora ardhi kwa vistari vidogovidogo ili tujue kwamba chupa imechimbiwa. Akasoma kitabuni kwa sauti: kiwekwe mahali pa wazi, mbali na miti na kuta, kichimbiwe ili kisiangushwe na upepo, kikaguliwe kila siku kwa saa ileile. Kisha akachora mshale wa upepo, akatuambia tunakili. Tulinakili. Akafuta ubao, vumbi la chaki likamwangukia kwenye viatu, akaanza somo la hesabu.

Wenzangu walifunga madaftari. Mimi nilikwenda nyumbani nikatengeneza.

Sikuona ajabu yoyote katika hilo. Mtu akikuchorea jembe, akakueleza urefu wa mpini na mahali pa kushika, si anataka ulime? Faneli niliipata kwa mama. Ilikuwa ya kujazia vibatari, ya bati, imeachia kidogo kwenye maungio, na mama alikuwa ameiweka kando. Nikaziba ule ufa kwa nta. Chupa ilikuwa ya sharubati. Nilikata ukanda wa karatasi, nikauchora vistari kwa rula na kuuandika namba kwa kalamu ya wino, nikaubandika kwenye chupa kwa utomvu wa mkorosho niliouloweka mpaka ukawa gundi. Kwa ajili ya upepo nilisimamisha ufito mrefu, nikaufungia unyoya wa jogoo wetu na kipande kirefu cha kanga iliyochakaa ya mama, ambayo ilikuwa nyekundu, nyeusi na nyeupe. Chupa nikaichimbia katikati ya ua, mahali pa wazi, mbali na miti na kuta, kama kitabu kilivyosema.

Nikubali kwamba kifaa changu kilikuwa na makosa. Mdomo wa faneli ulikuwa mpana kuliko chupa, kwa hiyo kipimo kingesoma mvua nyingi kuliko iliyonyesha, na vistari vyangu ilibidi vikokotolewe upya. Hilo nilikuja kulijua ukubwani, kwa kujisomea vitabu vilivyotumika ambavyo hununua sokoni mpaka leo. Lakini ni kosa la hesabu, na hesabu husahihishwa. Sikuitiwa mkutano kwa kosa la hesabu.

Kila asubuhi nilikwenda kuangalia. Chupa ilikuwa tupu. Mwezi wa kumi na moja ulikwisha ikiwa tupu, shule zikafungwa ikiwa tupu. Kwa kuwa kitabu kilisema kila siku iandikwe, hata isiyo na mvua, nilichukua mkaa nikawa naandika sifuri ukutani, upande wa nyuma wa nyumba yetu, moja chini ya nyingine. Ukuta ulikuwa umesiribwa vizuri na sifuri zangu zilitoka za duara safi. Nilijivunia. Naona aibu kusema kwamba nilikuwa nikizitazama hata bila sababu.

Sasa inabidi nieleze jambo ambalo kwa wenyeji wa kwetu halihitaji maelezo. Mtu akiwa na shughuli msimu wa mvua, harusi au ngoma, huwa kuna fundi anayeitwa ili aizuie mvua mpaka wageni wale, wacheze, waondoke. Huko ndiko kufunga mvua. Siku zile hakuna aliyelishangaa; lilikuwa sawa na kuazima masufuria. Ubaya wake ulikuwa mmoja tu: mvua ikichelewa kuliko kawaida, watu huanza kutazamana na kuulizana nani ana shughuli.

Mwaka ule mwenye shughuli alikuwa mama yangu. Dada Somoe alikuwa ndani, mwali, anafundwa, na siku ya kumtoa ilikuwa imeshakaribia. Ngoma yake ilitakiwa iishe kabla ya Ramadhani, kwa sababu ndani ya mwezi mtukufu hakuna ngoma inayopigwa, na Ramadhani ilikuwa inaingia wiki inayofuata. Asipotoka wiki ile angekaa ndani mpaka Idi ipite, na vyakula ambavyo mama alikuwa amevikusanya tangu mavuno ya korosho vingekuwa vimeliwa na wadudu. Somoe mwenyewe nilikuwa nikimsikia nyuma ya pazia akiuliza, kila alipoletewa maji, "Bado siku ngapi?"

Jirani yetu Mzee Nampota alikuwa amepanda mapema, kwenye vumbi, akitegemea mvua za kwanza. Mvua hazikuja. Mchwa na kanga wa porini walizimaliza mbegu zake mbele ya macho yake. Simlaumu kwa uchungu wake. Nalaumu kilichofuata. Mbuzi wake alipenya kwenye ua wetu, yeye akamfuata, na akanikuta nimepiga magoti nachungulia ndani ya faneli.

"Zena, hii kitu gani?"

"Kipimamvua, babu."

"Kinapima nini?"

"Mvua."

Akatazama juu. Mbingu ilikuwa nyeupe kwa joto. "Mvua ipi?"

"Hii ambayo haijanyesha, babu."

Akazunguka nyuma ya nyumba kumtafuta mbuzi, akakutana na ukuta wangu. "Na haya maduara?"

"Siku, babu. Kila siku isiyonyesha naweka moja."

"Unaweka wewe?"

"Naweka mimi."

Alisimama pale muda mrefu. Aliyatazama maduara, akautazama ufito na unyoya na ile kanga ya rangi tatu, akaitazama chupa iliyozikwa yenye karatasi ya maandishi. Mbuzi alikuwa akila majani ya muhogo aliyoyachuma mama kwa ajili ya kisamvu, na mzee hakumfukuza. Kisha alimkamata sikio, akaondoka bila kuaga. Mimi nilirudi kwenye faneli yangu nikiwa nimeridhika. Niliona nimemweleza vizuri.

Kesho yake hakuna mwanamke aliyekuja kututwangia unga wa ngoma. Mama alikuwa ameweka vinu vitatu uani, viwili vya kuazima, na mihogo mikavu imejaa kwenye jamvi. Alitwanga peke yake mpaka jua likawa kali. Ndipo akaja Bi Asumini, aliyekuwa nyakanga, yaani mkuu wa makungwi wote wa kijiji. Bila yeye hakuna mwali anayetoka. Hakuingia. Alisimama nje ya ua, mkono mmoja kiunoni.

"Mama Somoe, mimi mguu wangu hauingii humo mpaka kile kitu kitoke."

"Kitu gani, dada? Mambo ya shule yale."

"Shule inafundisha kuzika chupa?"

"Zena, si Mwalimu ndiye aliyewafundisha?"

"Ndiyo, mama."

"Basi aje Mwalimu aseme," Bi Asumini akasema. "Akisema yeye, mimi naingia na kinu nashika. Nakupenda, mama Somoe, lakini watu wamesoma dua ya mvua mara mbili, na dua haipiti. Kuna kitu kimeikalia."

Nilifurahi kusikia ataitwa Mwalimu. Kwangu mimi jambo lilikuwa limekwisha.

Mkutano ulifanyika Ijumaa baada ya swala, kwenye baraza ya mwenyekiti wa kijiji. Hakuna mtu mzima aliyekubali kuigusa chupa, hata vijana waliokuwa wakijisifia kuua nguruwe pori kwa mkuki. Niliambiwa niichimbue mwenyewe na niibebe mwenyewe. Nilipita katikati ya kijiji nimeshika chupa kwa mkono mmoja na faneli kwa mwingine, na watu wakanipisha njia kama nimebeba chatu. Akina mama waliwavuta watoto wao. Wale watoto nilikuwa nacheza nao rede kila jioni.

Mzee Nampota alizungumza kwanza. Alizungumza kwa utulivu, na hilo ndilo lililofanya maneno yake yaingie.

"Mimi simwonei mtoto. Nimemuuliza, kanijibu mwenyewe, wala sikumlazimisha. Kila duara ni siku moja. Anaziweka yeye. Nyumba hiyo ina ngoma. Sasa jamani, nimekosea wapi?"

"Kama anaifunga kwa chupa, mpeni debe afunge na njaa!" kijana mmoja akapiga kelele, na watu wakacheka.

"Mpeni pipa afunge bahari, tukaokote samaki!" mwingine akadakia.

Mwenyekiti akawanyamazisha. Akaniuliza, nikasema yote, tangu ubao mpaka mkaa. Nilisema vizuri, kwa sauti, kama tunavyojibu darasani. Akageuka kwa Mwalimu Mbwana, aliyekuwa amekaa kwenye kiti cha kamba pembeni, shati lake jeupe limepigwa pasi.

"Mwalimu, mtoto anasema umemfundisha wewe."

Mwalimu alisimama. Alijipangusa suruali, ingawa haikuwa na kitu.

"Mimi nimefundisha kilichomo kitabuni," alisema. "Kitabuni kuna picha, wanafunzi wamenakili picha. Sikumwambia mtu akachimbie chupa uani kwao."

"Lakini kitabu kinasema kichimbiwe!" nilisema. "Ulisoma wewe! Ulisema kisiangushwe na upepo!"

"Zena!" Mama alinivuta kanga.

"Mwalimu, swali ni moja," mwenyekiti akasema. "Kitu hiki kinaweza kufunga mvua, au hakiwezi?"

Naomba mniamini kwamba sijaongeza chochote hapa, kwa sababu dakika hiyo nimeirudia kichwani maisha yangu yote. Neno moja lilitosha. Hakiwezi. Mtoto wa darasa la tano angeweza kulisema, na nilikuwa nimeshalisema. Mwalimu aliitazama chupa mkononi mwangu. Aliitazama karatasi, akaitazama faneli. Jasho lilimtoka juu ya mdomo.

"Kitabuni," akasema, "haijaandikwa hivyo."

Akakaa.

Watu waliguna. Nusu walidhani amesema hakiwezi, nusu walidhani amesema kinaweza lakini kitabu kimeficha. Mzee Nampota akaitikia kwa kichwa, polepole, kama mtu aliyeongezewa shahidi. Bi Asumini akasimama, akaniambia niivunje mbele ya watu wote, kwa mkono wa kulia, na niseme kwamba nimeifungua mvua.

Nikakataa.

Sikukataa kwa ujeuri. Nilisema siwezi kufungua kitu ambacho sikukifunga. Nilisema huo ni uongo, na leo ni Ijumaa. Kuna mzee mmoja alicheka, wengine wakakasirika, mwenyekiti akasema basi na tuondoke, kila nyumba ijue yake. Nilimwona Bi Asumini akiokota ukindu aliokuwa akisuka, na akina mama wakinyanyuka pamoja naye. Kila aliyenyanyuka alikuwa ni kinu kimoja kimepungua kwetu.

Mama alipiga magoti mbele yangu, akaniwekea shati sawa mabegani, kama vile napelekwa shule. Alizungumza kwa sauti ndogo ambayo mimi peke yangu niliisikia.

"Najua hukufunga."

"Basi waambie, mama."

"Nikiwaambia, Somoe atatoka?"

Niliwatazama akina mama waliokuwa wakiondoka.

"Najua hukufunga," akasema tena. "Vunja."

Nilishika chupa kwa mkono wa kulia, nikaipiga kwenye jiwe la ngazi ya baraza. Ilivunjika mara moja. Karatasi yangu ilibaki imeshikilia vipande viwili, maana gundi ya mkorosho ni gundi kweli. Watu walisubiri nitamke.

"Nimevunja chupa," nikasema.

"Sema umefungua," Mzee Nampota akasema.

"Nimevunja chupa, babu."

Ukazuka ubishi kama maneno hayo yanatosha au hayatoshi. Wengine walisema lazima litamkwe lenyewe, wengine walisema chombo kikishapasuka kilichomo kimetoka, mdomo ni wa nini tena. Bi Asumini ndiye aliyeukata. "Imepasuka, yatosha. Jamani, kuna mihogo haijatwangwa na mwezi unaandama." Akatangulia kuelekea kwetu, na akina mama wote wakamfuata, wakicheka, wakimtania mama kwamba amezaa fundi. Walitwanga mpaka jioni. Mmoja wao alifuta maduara yangu ukutani kwa tambara bichi, bila kuniuliza, na akaniambia nisimame mbali nisije nikachafuka.

Sasa sikilizeni dunia ilivyonitendea. Mvua ilinyesha. Ilinyesha siku ileile ya kumtoa mwali. Somoe alikuwa amekaa mkekani, amepakwa mafuta, amefunikwa kanga mpya, ngoma zimepamba moto, na wingu likaja kutoka upande wa mtoni likatumwagia maji yote kwa mkupuo. Hakuna aliyekimbia. Wanawake walicheza kwenye matope wakipiga vigelegele, ngozi za ngoma zikalegea, wakacheza kwa makofi. Somoe alikuwa akicheka chini ya kanga iliyomgandia. Mzee Nampota alikuja mbio akiwa kifua wazi, akanikamata mikono yote miwili, akaniambia, "Ahsante, mjukuu wangu, ahsante." Nilikuwa sijawahi kutukanwa hivyo.

Niliingia jikoni nikachukua sufuria nikaliweka nje. Sufuria lina kingo zilizonyooka. Ukipima kina cha maji yaliyomo unapata mvua halisi, bila hata hesabu ya faneli. Mama aliliona. Alivuka ua akilowa, akalimwaga, akalirudisha ndani bila kunitazama. Ndiyo mvua ya kwanza niliyokuwa nimeisubiri, na mpaka leo sijui ilikuwa milimita ngapi. Ninyi mnaweza kuliona jambo dogo. Mimi nina kumbukumbu za mvua za Chuno kwa miaka mingi, nilizozipima kwa makopo kabla ya kupata hiki kifaa cheupe, na bado ile moja isiyopimwa inanikereketa.

Msimu uliofuata hakuna aliyeniogopa, na hiyo ikawa mbaya zaidi. Nilikuwa nimepata jina: Zena wa Mvua. Mwanamke wa kijiji cha pili alikuja kumwuliza mama kama naweza kumshikia mvua mpaka harusi ya mwanawe ipite. Mama alimjibu kwamba mtoto ameacha. Alisema "ameacha", hakusema "hajawahi", na nilinuna kutwa nzima.

Jioni moja, adhana ya magharibi ikiwa imeshatoka, alikuja Mwalimu Mbwana. Alipitia uani, upande wa jikoni, ameshika kuku chini ya kwapa. Alimsalimia mama, akasema amekuja kunijulia hali, kwamba mimi ni mwanafunzi mwenye bidii na kwamba yale ya mwaka jana yalikuwa mambo ya watu wazima, yasinikae moyoni. Akaeleza pia, kama habari tu, kwamba nyumba yake ameiezua yote ili aiezeke upya, na makuti hayajatimia, na watoto wanalala chini ya mawingu. Kisha akaniuliza kama ile faneli bado ninayo.

Moyo ulinilipuka kwa furaha. Kwetu mtu aliyekukosea huja na kuku; ndivyo tulivyoomba radhi tangu zamani. Mwalimu amekuja kuomba radhi kwa mtoto! Nilikimbia nikaileta faneli. Nilimweleza nilivyoziba ufa, nilivyobandika karatasi, na kwamba safari hii natafuta chombo chenye mdomo sawa na kitako. Alisikiliza kila neno, ameinama, anaitikia "enhe, enhe". Mama alimpokea kuku kwa mikono miwili. Yule kuku hakuchinjwa kamwe. Alitagia nyuma ya nyumba mpaka akazeeka, na kila nilipouliza kwa nini tusimle, mama alisema, "Mwache huyo."

Wiki ile mvua haikunyesha. Makuti yakapatikana, Mwalimu akaezeka. Tangu hapo hakunichapa tena. Alinihamishia dawati la mbele, na kila wingu lilipotanda alinitupia jicho kutoka ubaoni, jicho la heshima, na mimi nikajaa fahari. Niliamini kwamba mtu mmoja msomi katika kijiji chetu alikuwa amekielewa kipimamvua changu. Niliishi kwa imani hiyo mpaka nikawa mama wa watoto.

Kilichonifumbua macho ni harusi ya jirani mmoja hapa mjini. Nilimwona akimtuma mtu kwa fundi wa mvua, kule njia ya Naliendele, na nikamsikia akimpa masharti: kuku awe mweusi, apelekwe giza likianza kuingia, mpelekaji apite mlango wa uani, na wala asimwombe fundi waziwazi, amtajie tu shida yake. Nilikuwa nimeshika sinia la mchele. Nililiweka chini.

Anayekuja kuomba radhi huja mchana, watu wamwone. Ningelijua hilo siku ile kama nisingekuwa na furaha kiasi kile. Kuku wa Mwalimu alikuwa mweusi tii.

Miaka yote hiyo nilikuwa nimemkasirikia mtu aliyejua ukweli akaogopa kuusema. Nilikuwa nimemtafutia hata visingizio: alikuwa mgeni, alikuwa kijana, alihofia kazi yake. Kumbe jasho lile juu ya mdomo halikuwa la woga wa watu. Aliiogopa chupa. Alikuwa ameitwa kusema kama inaweza au haiwezi, na yeye, aliyeichora kwa mwandiko mzuri kuliko wote, hakuwa na jibu. Alinakili kutoka kitabuni kama sisi tulivyonakili kutoka ubaoni, akafuta, akaanza hesabu.

Mama alikuwa bado hai. Nilimfuata kijijini, nikamkuta anachambua choroko, nikamuuliza kama alijua Mwalimu alikuja kwa ajili gani jioni ile.

"Nilijua alipopita jikoni," akasema.

"Na hukuniambia?"

Alitupa kijiwe alichokitoa kwenye choroko.

"Ulikuwa unamweleza faneli," akasema mama. "Hujawahi kupata mtu wa kumweleza. Ningeanzia wapi kukukatiza?"